Je, Wajua? Moyo Uliwahi Kufundishwa Vipande Vipande

Zamani mwanafunzi wa udaktari Marekani aliusoma moyo kwa mafungu: umbo lake kwenye anatomia, kazi yake kwenye fiziolojia, maradhi yake kwenye patholojia. Kuunganisha ilikuwa shauri yake. Wagonjwa, kwa kawaida, aliwaona mwaka wa tatu.

Mwaka 1952 Chuo Kikuu cha Western Reserve, mjini Cleveland, kilipangua ratiba hiyo. Masomo yakafuata mifumo ya mwili: moyo na mishipa yake ya damu kwa pamoja, mapafu, figo, na kadhalika. Vyuo vingi vikaiga. Ila kilichonivutia mimi ni hiki: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hata sindano hajaizoea, alikabidhiwa mama mjamzito amfuatilie hadi ajifungue, kisha aendelee na mtoto.