Wenyeji wa Mahali Pasipo Faida

Mtu atokaye Ulemo, katika wilaya ya Iramba, akifika mji wa Singida huona upesi mambo mawili: miamba mikubwa iliyosimama kati ya makazi ya watu, na maziwa mawili, Singidani na Kindai. Miamba hailimiki. Maji ya maziwa yana chumvi, hayafai kunywa wala kumwagilia bustani. Kwa hiyo wengi husema, "Hapa hapana faida." Lakini mahali palipoachwa na watu hapakosi wenyeji.

Tazama kwanza miamba. Katika nyufa za miamba ya namna hii hukaa pimbi, mnyama mdogo kama sungura, asiye na mkia wa kuonekana. Nyayo zake ni laini na zina unyevu, kwa hiyo hushika jiwe la mteremko asiteleze. Asubuhi huota jua, maana mwili wake hautunzi joto vema. Wenzake wakila majani, mmoja hukaa juu akilinda; akimwona tai hupiga kelele kali, na wote hukimbilia nyufani. Tena ni ajabu kwamba tembo ni jamaa yake wa karibu.

Sasa tazama maziwa. Maji ya mvua huingia, wala hapana mto wa kuyatoa. Jua huyakausha, na chumvi hubaki. Katika maji kama hayo huota viumbe vya kijani, vidogo mno, ambavyo ni chakula cha heroe, ndege wa miguu mirefu na rangi ya waridi. Heroe huinamisha kichwa, akageuza mdomo juu chini, akachuja maji. Hiyo rangi yake hutoka katika chakula chake. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki karibu wote huzaliwa Ziwa Natron, kisha huhama ziwa hata ziwa wakifuata chakula. Basi maziwa madogo ni vituo vyao, na msafiri akikosa kituo, safari humshinda.

Hata majengo yaliyoachwa hupata wapangaji. Huko London kiwanda cha umeme cha Battersea kilifungwa mwaka 1983. Baadaye kozi walizaa humo, kwa kuwa machoni pa ndege ukuta mrefu ni kama jabali. Kwetu bundi hukaa katika mapaa ya maghala na nyumba kuukuu. Wengi humwua, wakidhani huleta msiba. Kumbe kazi yake usiku ni kukamata panya, nao panya ndio walao mtama na uwele ghalani. Amwuaye bundi amefuga panya.

Wanyama hawa hawana shamba jingine. Mwamba ukipasuliwa wote kuwa kokoto, ufa wa pimbi haurudi tena. Na ziwa lisilo na mto wa kutokea halina njia ya kuondoa uchafu: kitupwacho humo leo kitakuwamo kesho na kesho kutwa. Kwa hiyo mwenye akili hafanyi jaa mahali asipopalima. Huuliza kwanza ni nani akaaye hapo.