Mkataba wa Kyubey na maoni matatu ya nyumbani kwangu

Nyumbani tumeitazama watu watatu, na kila mmoja ametoka na lake. Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, anasema hajawahi kuona katuni nzuri kuliko hiyo. Mdogo wangu wa kiume, fundi simu, anasema utamu wote uko sehemu ya tatu, baada ya hapo ni wasichana kulia tu. Mimi ni fundi cherehani, na tamthilia nimezitazama za kila taifa linalotengeneza tamthilia. Sikubaliani na yeyote kati yao.

Inaitwa Puella Magi Madoka Magica. Ni anime, yaani katuni ya Kijapani, iliyotengenezwa na studio ya Shaft na kuanza kurushwa Januari 2011. Ina sehemu 12 tu, kila moja haifiki nusu saa, kwa hiyo hata mwenye bando dogo anaimaliza. Mhusika mkuu ni Madoka Kaname, msichana wa miaka 14, wa mji wa kubuni uitwao Mitakihara. Anakutana na kinyama cheupe chenye macho mekundu na mkia mkubwa, jina lake Kyubey. Kyubey ana neno moja kwa kila msichana: funga mkataba na mimi, nitakutimizia haja moja yoyote ya moyo wako, nawe utakuwa msichana wa miujiza upigane na wachawi.

Kabla sijafika kwenye maoni, mtazamaji mgeni anapaswa kujua jambo moja. Anime nyingi hutoka kwenye vitabu vya katuni au riwaya zilizokwisha kuchapishwa. Wasomaji wanaujua mwisho kabla ya studio kuchora hata picha moja, na maoni yao huwa ya kulinganisha: hapa wamekata, pale wameharibu. Madoka haikutoka kitabuni. Ilikuwa hadithi mpya kabisa, iliyoandikwa kwa ajili ya televisheni na Gen Urobuchi na kuongozwa na Akiyuki Shinbo. Aliyesema mwanzoni mwa 2011 kwamba anajua kitakachotokea wiki ijayo alikuwa anabahatisha kama wenzake.

Na watengenezaji walitumia vizuri kutojua huko. Wahusika walibuniwa na Ume Aoki, mchoraji wa Hidamari Sketch, hadithi ya upole ya wasichana wa shule ya sanaa wanaoishi nyumba moja. Shaft na Shinbo ndio walioifanya hiyo nayo kuwa anime. Basi watu walipoona nyuso zilezile za duara, mashavu yaleyale, na Madoka kavaa gauni la waridi lenye marinda, wakajipanga kutazama kitu cha kuliwaza. Wachache waliozijua kazi za Urobuchi ndio walioguna, maana huyo hajulikani kwa kuwaonea wahusika wake huruma.

Mdogo wangu ndiye anayesimamia sehemu ya tatu. Ndani yake kuna Mami Tomoe, msichana mkubwa kidogo, mpole, mwenye nywele za dhahabu, anayepigana kwa utepe anaougeuza bunduki za kale. Anakaa peke yake, wazazi wake walikufa kwenye ajali ya gari. Anawakaribisha kina Madoka chai na keki, anawafundisha kazi. Halafu, wakati amekwisha kushinda, mchawi anamng'ata kichwa. Hakuna muujiza wa kumrudisha. Watazamaji wengi wa anime wana desturi ya kutazama sehemu tatu kabla ya kuamua kuendelea au kuacha, na hadi leo wapo wanaoitaja Madoka kuwa ndiyo mfano mkuu wa desturi hiyo.

Kutokana na kifo hicho yamezaliwa maoni ninayoyasikia kila mahali: kwamba Madoka ndiyo iliyoingiza majonzi kwenye hadithi za wasichana wa miujiza, kwamba kabla yake zote zilikuwa pipi na vipepeo. Si kweli. Aina hii ya hadithi ilianza kwenye televisheni ya Japani mwaka 1966 kwa Sally the Witch, na ni kweli ilianza kwa kuchekesha. Lakini Minky Momo ya mwaka 1982, nayo hadithi mpya isiyotoka kitabuni, ilimgonga shujaa wake kwa lori akafa, mbele ya watoto waliokuwa wakitazama. Sailor Moon ya 1992 iliwaua wasichana wake karibu wote mwishoni mwa msimu wa kwanza, ingawa baadaye walirudi. Kuua msichana wa miujiza si ugunduzi wa Urobuchi.

Alichofanya yeye ni kuuliza swali ambalo wenzake wengi hawakulisimamia: huyu kinyama mzuri anayegawa nguvu, yeye anapata nini?

Hapo ndipo mpwa wangu alipoisoma hadithi vizuri kuliko sisi wote. Tulipofika katikati, msichana mmoja anagundua kwamba alipotia saini, roho yake ilitolewa mwilini na kuwekwa ndani ya kile kito anachokibeba mkononi. Anamgeukia Kyubey kwa hasira: mbona hukuniambia? Kyubey anajibu bila kupepesa kwamba hakuulizwa. Mpwa wangu akasema, "Mama mdogo, huyu si ndiye yule wa kausha damu?" Nikasimamisha cherehani. Hapa mtaani mama mjane anachukua mkopo wa laki, anafurahi, anaweka kidole; masharti anayajua siku wanapokuja kubeba friji. Anayemkopesha naye hajasema uongo hata mmoja. Hajasema tu.

Kyubey hadanganyi, na ndiyo maana anatisha. Uso wake hausogei, mdomo haufunguki anapozungumza, na akibanwa sana anatoa hesabu: nishati ya ulimwengu inapungua, huzuni ya wasichana wa rika hilo inazalisha nishati kubwa, kwa hiyo wachache wakiumia ulimwengu unafaidika. Nimewasikia vijana wakimtetea. Wanasema hesabu yake ni sahihi. Mimi namwona kama mtu anayekuja na hesabu sahihi mahali ambapo hakuitwa kuhesabu.

Angalia pia haja zenyewe wanazoziomba wasichana hao, maana hapo kuna kazi ya mwandishi anayejua watu. Sayaka Miki anaomba mkono wa kijana mpiga fidla upone. Unapona, kijana anarudi kwenye fidla yake, na rafiki wa Sayaka ndiye anayekwenda kumwambia anampenda. Kyoko Sakura aliomba watu wamsikilize baba yake mhubiri. Wakamsikiliza. Baba alipojua kilichowaleta, akaiangamiza familia na kujimaliza mwenyewe. Wote wawili waliwaombea wengine, na hawakuwauliza hao wengine wanataka nini. Kwa mtu wa tamthilia kama mimi, hapo ndipo hadithi iliponikamata.

Na nisiache macho ya fundi. Wachawi wa hadithi hii wanaishi ndani ya mazingaombwe yaliyobuniwa na kikundi kiitwacho Gekidan Inu Curry, na humo ndani mchoro unabadilika kabisa: vipande vya karatasi, vitambaa, lesi, mikasi inayotembea, vijitu vya pamba vyenye masharubu. Kama umewahi kukaa sakafuni usiku katikati ya mabaki ya kitambaa huku umeme umekatika, utaelewa kwa nini nilishtuka. Wapo waliolalamika kwamba sehemu hizo zinachosha macho. Mimi ningelipa kuzitazama zenyewe tu.

Sasa maoni yangu. Sehemu inayoibeba kazi hii yote ni ya kumi. Inarudi nyuma kutuonyesha Homura Akemi ni nani, yule mwanafunzi mgeni mwenye nywele nyeusi ambaye tangu siku ya kwanza amekuwa akimkataza Madoka kufunga mkataba, kwa ukali usioeleweka. Siri yake siisemi. Nitasema tu kwamba wimbo wa ufunguzi, ambao kwa wiki tisa uliudhani ni wa Madoka, katika sehemu hiyo umewekwa mwishoni, na ukiusikia pale unajua ni wa nani. Niliurudia mwanzo wote baada ya hapo, na kila neno kali la Homura lilikuwa na maana nyingine.

Watazamaji wa Osaka na jirani zake waliiona sehemu hiyo usiku wa kuamkia Machi 11, 2011. Mchana wa siku hiyo, saa nane na dakika 46, tetemeko kubwa likapiga kaskazini mashariki mwa Japani, bahari ikapanda nchi kavu. Urushaji ukasimamishwa. Sehemu mbili zilizobaki zina mji unaokumbwa na dhoruba, familia ya Madoka ikiwa imekaa kwenye mikeka ya kituo cha waliohamishwa. Zilirushwa kwa pamoja usiku wa kuamkia Aprili 22. Naona hiyo ni sababu mojawapo ya watu wazima wa huko kuizungumzia hadithi hii kwa namna ambayo kijana anayeitazama leo kwa siku mbili hawezi kuipata.

Lawama zipo, na nyingine nazikubali. Madoka mwenyewe, mwenye jina lake kwenye kichwa cha hadithi, anasitasita hadi sehemu ya mwisho. Mdogo wangu alikuwa anamzomea. Pia Kyubey anaeleza mno. Kuna mahali anatoa mhadhara wa fizikia wakati sisi tunataka kujua nani amebaki hai. Filamu ya 2013, Rebellion, iliingiza zaidi ya yeni bilioni 2 na kuwagawa mashabiki katikati. Mpwa wangu haisamehi. Mimi naiona ndiyo mwisho wa kweli wa Homura, lakini hilo ni la siku nyingine.

Mwaka huohuo wa 2011 Tamasha la Sanaa za Habari la Japani liliipa Madoka tuzo kuu upande wa katuni. Nadhani ilistahili, na nadhani ilistahili kwa sababu ya sehemu ya kumi.

Mzazi, usidanganywe na rangi ya waridi kwenye picha ya mbele. Mtoto wa darasa la tatu mpe Cardcaptor Sakura, atafurahi na atalala. Hii iache hadi awe na umri wa Madoka mwenyewe, na ukiweza kaa naye uitazame, kwa sababu atakuwa na maswali. Na wewe uliyekwisha kuiona, tafadhali, usimsimulie mwenzako sehemu ya kumi.