Mbegu za Mvua Hutoka Majanini na Baharini

Mvua inayopiga mabati ya Jabe, mtaa wa Bujumbura, haitengenezwi na mvuke peke yake. Angani mvuke hugeuka tone unapopata chembe ya kujishikiza: moshi, vumbi, chumvi ya bahari, chavua, spora za kuvu au bakteria.

Kuganda ni kugumu zaidi. Tone safi kabisa laweza kupoa hadi nyuzi 38 chini ya sifuri likabaki maji. Lakini Pseudomonas syringae, bakteria anayeishi juu ya majani ya mimea, huweza kuligandisha kwenye nyuzi 2 tu chini ya sifuri. Protini za utando wake wa nje huzipanga molekuli za maji kwa umbo la barafu, kama kalibu inavyoupa udongo umbo la tofali. Punje hiyo ya barafu huvuta mvuke wa jirani, hunenepa, huanguka, kisha huyeyuka njiani na kufika chini ikiwa mvua. Ikirushwa juu tena na tena, inakuwa mvua ya mawe.

Wakulima wa chai wa Kericho, Kenya, wanaijua vizuri: huko mvua ya mawe imewahi kuhesabiwa siku 132 hivi kwa mwaka. Mwaka 1972 wanasayansi Russell Schnell na Gabor Vali walionyesha kwamba majani yanayooza hugandisha maji. Miaka 10 baadaye, Schnell na Tan-Schnell walieleza kwamba hata majani makavu yaliyolala chini ya michai ya Kenya yana uwezo huo. Wachumaji wakipita, vumbi lake hutimka, na huenda hewa inayopanda hulipeleka mawinguni.

Bahari nayo ina mchango wake. Povu la mawimbi hurusha angani vitu vinavyotokana na planktoni, viumbe vidogo vinavyoelea majini, na utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba vitu hivyo hugandisha maji. Planktoni hutoa pia gesi ya salfa inayozaa chembe za mawingu. Chembe zikiongezeka, matone huwa mengi na madogo, wingu huwa jeupe zaidi na hurudisha mwanga mwingi wa jua. Mwaka 1987 wanasayansi wanne, akiwemo James Lovelock, walidai kwamba hivyo ndivyo bahari inavyojipoza. Vipimo vya baadaye vimeonyesha uhusiano huo ni dhaifu kuliko walivyodhani.

Burundi ina mashamba ya chai Teza na Rwegura, kandokando ya msitu wa Kibira. Kichujio cha hewa kikiwekwa huko, karibu na vipimamvua, kinaweza kusaidia kuonyesha ni chembe zipi zinazopanda kutoka mashamba ya chai na zipi kutoka msituni. Swali hilo linafaa kujibiwa kabla miti zaidi ya msitu huo haijakatwa.