Kuunganisha Sakafu Mbili Mlangoni

Likizo iliyopita nilikuta sebule yetu imetiwa vigae, lakini chumba cha bibi kimebaki na saruji yake ya zamani. Mlangoni pakawa na ukingo wa sentimita 2, na bibi, ambaye macho yamefifia, alikuwa amekwisha jikwaa mara mbili. Baba akanipa kazi hiyo.

Kiungo hakina budi kuwa chini ya mlango ufungwapo, ili aliye chumba kimoja asione sakafu ya pili. Hilo fundi wa vigae alilifanya vyema. Mimi nilichanganya saruji karai 1 na mchanga karai 3, nikafanya mteremko kuelekea chumbani. Siku ya tatu ukabanduka wote! Nilikuwa nimeuweka juu ya sakafu kavu, laini.

Mara ya pili niliichonga sakafu kwa patasi, nikafagia vumbi, nikailowesha, nikapaka uji wa saruji, ndipo nikajenga mteremko wa sentimita 30. Mwisho wake niliuzamisha katika mfereji mdogo, maana saruji nyembamba kama karatasi hupasuka. Nikaufunika kwa magunia yaliyoloweshwa siku 7, bibi akilala kwa shangazi.

Aliporudi alipapasa kwa fimbo, akauliza ule ukingo umekwenda wapi.