Mazigazi: Mpinzani anayempimia pumzi mpiga shabaha

KARATU. Ukiitaja Karatu kwenye kurasa hizi, jina la kwanza kuja ni Filbert Bayi. Mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand, mzaliwa huyo wa Karatu alichomoka tangu mlio wa bastola na hakushikwa tena. Mita 1,500 zikaisha kwa dakika 3:32.2: dhahabu ya Jumuiya ya Madola na rekodi ya dunia juu yake.

Leo tugeukie mchezo ambao ukichomoka hivyo umekwisha: kulenga shabaha kwa bunduki.

Chukua shabaha ya mita 300. Hapo ni kama viwanja vitatu vya mpira vimepangwa goli kwa goli. Duara la pointi 10 lina upana wa sentimita 10 tu, karibu na kiganja chako. Asubuhi linaonekana limetulia kama limechorwa ukutani. Ikifika saa sita mchana linaanza kucheza. Linavimba, linapanda, linapinda kama kitu kilichozama majini.

Mgeni atasema darubini mbovu. Wapi! Ni mazigazi, ndugu wa yale maji ya uongo unayoyaona kwenye lami ukitoka Makuyuni kwenda Karatu. Jua linachoma ardhi, ardhi inapasha hewa iliyo juu yake, hewa ya moto inapanda na kuchanganyika na ya baridi. Mwanga ukipita humo unapinda. Shabaha haijasogea, picha yake ndiyo imesogea. Na wewe unalenga picha.

Shule ipo kreta

Kuyajua mazigazi hakuhitaji bunduki, na Ngorongoro siyo mahali pa kwenda nayo. Kule uwindaji ni marufuku. Darubini inatosha.

Sakafu ya kreta ni uwanja wazi wa kilomita za mraba zipatazo 260, na ndani yake kuna Ziwa Magadi, ambalo kiangazi hupungua na kuacha tambarare nyeupe. Tazama ng'ambo asubuhi: nyumbu ana miguu yake minne. Tazama tena saa saba: nyumbu yuleyule anaelea, miguu haipo, na jiwe jeusi la mbali linaweza kukuapia kuwa ni faru.

Yasome, usiyalaani

Mpiga shabaha mzoefu hayakasirikii mazigazi, kwa sababu yanamwonyesha upepo. Anarekebisha darubini ione vizuri karibu kidogo kuliko shabaha, kisha anatazama mawimbi.

Yakitiririka kwenda kulia, upepo unatoka kushoto: utaisukuma risasi kulia, na picha nayo imevutwa kulia. Yakilala na kukimbia, upepo ni mkali. Yakipanda wima kama mvuke wa sufuria, ama upepo umekufa, ama unavuma kwenye mstari uleule wa risasi.

Hapo kwenye wima ndipo wengi wanapoliwa. Wanaona utulivu, wanavuta triga. Kumbe mara nyingi upepo unageuka tu, na sekunde chache baadaye unavuma upande mwingine. Ni kama kipa aliyesimama katikati ya goli kwenye penalti. Kutulia kwake siyo zawadi, anakusubiri wewe ukosee.

Yapo pia mazigazi ya kujitengenezea. Piga risasi kadhaa harakaharaka, mtutu unapata moto na hewa yake inapanda mbele ya jicho lako. Dawa ni kutandika ukanda wa kitambaa juu ya mtutu, au kuuacha upoe.

Lakini saa ya mashindano haipoi. Dakika zinayoyoma, mawimbi hayajakaa sawa, na risasi tatu bado hazijapigwa. Ukipiga sasa, unaweza kuokota 7. Ukisubiri, muda unaweza kukuishia ukiwa na risasi mkononi. Hakuna kocha wa kukupigia kelele pembeni. Hapo ndipo medali zinapopotea, na mtazamaji wa nyuma haoni chochote zaidi ya mtu aliyelala kimya.

Siku ukipita tena barabara ya Karatu mchana wa jua, itazame hewa inayotetemeka juu ya lami. Usiishie kusema kuna joto. Jiulize inaelekea upande gani.