Umefomati, lakini hujafuta

"Mwalimu, kompyuta nimeshaifomati. Si naweza kuiuza tu?"

Swali hili linanifuata kutoka stendi ya Makambako hadi Uwemba, na wiki hii limenifikia tena, safari hii kwa mama mwenye steshenari anayetaka kubadilisha mashine. Jibu langu ni lile lile: hapana. Fomati inayofanywa na watu wengi haifuti kitu. Nimeamua kulijibu kwa maandishi kwa sababu wanaouliza siku hizi hawana picha zao za harusi tu ndani ya mashine. Wamebeba nyaraka za watu wengine, mamia kwa mamia, na wengi hawajui kama wamezibeba.

Angalia kinachoingia kwenye kompyuta ya steshenari. Kila msimu wa kuomba mikopo ya elimu ya juu, vijana wanafika Njombe mjini kutoka Uwemba, Luponde, Kifanya na kwingine, bahasha mkononi. Mna cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Kwa aliye yatima, mna cheti cha kifo cha mzazi. Mna namba ya kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF, picha na kitambulisho cha mdhamini, na fomu yenye sahihi na mihuri. Vyote vinapita kwenye skana, vinatua kwenye kompyuta ya dukani, ndipo vinapandishwa kwenye mfumo wa HESLB. Miaka michache baadaye vijana hao hao wanarudi na vyeti vya chuo kwa ajili ya Ajira Portal.

Nimewahi kufungua folda ya Downloads ya mashine moja ya namna hii, kwa ruhusa ya mwenyewe. Mafaili yalijaa skrini, nikashusha, yakajaa tena: "nida mbele", "nida nyuma", "cheti kifo baba", "barua ya mdhamini mpya". Bonyeza lolote, linafunguka. Uso wa mtu, namba yake ya NIDA yenye tarakimu 20, sahihi yake, jina la mtaa anakoishi. Binti aliyeleta cheti cha kifo cha baba yake alilipia skani, akachukua karatasi yake, akapanda gari kurudi nyumbani akiamini ameondoka nacho.

Sasa hiyo fomati. Diski ina data zenyewe, halafu ina orodha inayoeleza kila faili limelala wapi. Ukifuta faili, hata ukimwaga na Recycle Bin, Windows inashughulika na orodha tu: inaweka alama kwamba nafasi ile iko huru, atakayekuja ajaze. Ukifanya fomati ya haraka, ile ambayo Windows imeshaiwekea tiki kabla hujachagua lolote, orodha nzima inaondolewa na kuwekwa mpya iliyo tupu. Data hazijaguswa. Ni sawa na kuchana daftari la mashamba la kijiji: majina ya wenye mashamba yamepotea, lakini viazi bado viko ardhini, na mwenye jembe atavichimba.

Na jembe lenyewe ni la bure. Kuna programu inaitwa PhotoRec, na haiihitaji ile orodha hata kidogo. Inasoma diski kuanzia mwanzo hadi mwisho ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo. Picha ya JPEG ina mwanzo wake unaojulikana, faili la PDF huanza na herufi zake zile zile siku zote. Ikiona mwanzo, inavuta kilichofuata na kukihifadhi upya. Haihitaji mtaalamu. Kijana wa kidato cha pili mwenye subira anaiweza.

Mwanafunzi mmoja alinibishia darasani. Akanipa flashi aliyoinunua mkononi na kuifomati mwenyewe, akasema humo hamna kitu. Tukaiachia PhotoRec ifanye kazi, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi zilikuwa zimetoka picha za kipaimara cha mdogo wake, matokeo ya kidato cha nne ya mtu asiyemfahamu, na mkataba wa shamba la parachichi wenye alama ya dole gumba la muuzaji. Hakubisha tena.

Wala hili si jambo jipya. Mwaka 2003 watafiti wawili wa MIT nchini Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa diski kuukuu walizonunua sokoni. Diski 129 zilisomeka. Zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo zilikuwa 12. Nyingine zilikuwa na barua, kumbukumbu za matibabu na maelfu ya namba za kadi za benki. Zaidi ya miaka 20 imepita, na bado mtu ananiambia kwa kujiamini kabisa kwamba amefomati.

Ninaposema fomati haitoshi, watu wanakimbilia dawa za mtaani, na dawa hizo zinanichosha kuliko ugonjwa. Ya kwanza ni sumaku. Mtu anang'oa sumaku ya spika mbovu, anaisugulisha kwenye flashi au memori kadi. Flashi haihifadhi chochote kwa usumaku. Inahifadhi chaji za umeme zilizofungiwa ndani ya vijumba vidogo mno, na sumaku utaisugua mpaka kesho bila kuvigusa. Diski ya zamani inayozunguka ndiyo yenye usumaku, lakini ndani yake tayari mna sumaku kali zinazosukuma mkono wake wa kusomea, na data zinaishi jirani nazo miaka yote. Hiyo ya spika haina nguvu ya kufanya kitu.

Ya pili ni maji. Memori kadi iliyolowekwa usiku kucha, ikikaushwa vizuri, mara nyingi inasomeka. Ya tatu ni programu za "kusafisha simu" zenye picha ya ufagio. Kazi yake ni kuondoa mafaili ya muda ili upate nafasi, na zinayaondoa kwa njia ile ile ya kugusa orodha. Baadhi zinaomba ruhusa ya kuona picha zako zote na majina yote ya simu. Umekwenda kutafuta faragha, umeigawa. Ya nne ni fundi anayetoza pesa ya ziada ili afute "mara 35". Idadi hiyo imetoka kwenye andiko la Peter Gutmann la mwaka 1996, lililohusu teknolojia za diski za enzi zile. Kwa diski inayozunguka ya leo, kuandika juu ya data zote mara moja kunatosha. Atakayekutoza kwa mara 34 zilizobaki anakuibia.

Kuna wanaonijibu kwamba wao hawahifadhi, wanatoa fotokopi tu. Mashine kubwa nyingi za fotokopi zilizotengenezwa tangu miaka ya 2000 mwanzoni zina diski ndani yake, na picha ya kila karatasi inaweza kubaki humo. Mwaka 2010 kituo cha televisheni cha CBS cha Marekani kilinunua mashine za fotokopi zilizotumika na kukuta ndani yake nyaraka za polisi na za wagonjwa. Moja ilikuwa imekodishwa na kampuni ya bima ya afya ya Affinity. Taarifa za watu wapatao 344,579 zilikuwa hatarini, na mwaka 2013 kampuni hiyo ililipa serikali zaidi ya dola milioni 1.2. Mashine kuukuu za ofisi za Ulaya na Marekani ndizo zinazoishia kwenye maduka yetu. Zinakuja na siri za huko, na tunaziuza tena zikiwa na za kwetu.

Halafu kuna yule anayesema, "Mimi sina cha kuficha." Huyo nina maneno naye. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 uliukuta Mkoa wa Njombe ukiwa na maambukizi ya VVU kuliko mkoa mwingine wowote nchini, asilimia 12.7 ya watu wazima. Karatasi ya kliniki inayopigwa fotokopi dukani kwako, au cheti cha kifo kinachotaja ugonjwa, ni habari ya familia nzima. Ikitoka, itafika kijijini kabla ya mwenyewe. Huna cha kuficha wewe. Mteja wako anacho, na hakukupa ruhusa ya kumwamulia.

Na kitambulisho kinaweza kumtesa mtu bila siri yoyote kuvuja. Tangu laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zianze kufungwa Januari 2020, usajili wa laini umefungamanishwa na namba ya NIDA. Matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wanahitaji majina yasiyo yao. Picha safi ya kitambulisho, ikiwa pamoja na sahihi na jina la mdhamini, ni mali kwao. Anayegongewa mlango na polisi ni mwenye jina.

Sheria nayo haijalala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Tume yake Aprili 2024. Sheria hiyo inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisikae kuliko lengo hilo linavyohitaji, na habari za afya inazihesabu kuwa nyeti. Lengo la mteja lilikuwa kupandisha fomu. Fomu ikishapanda, faili linalobaki kwako halina kazi yoyote halali. Na fundi simu anayepitia picha za mteja wakati anabadilisha kioo ajue kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye data za mtu bila idhini. Kuletewa simu ili utengeneze chaji si ruhusa ya kufungua picha.

Hapo ndipo ninapotaka tukubaliane. Kufuta vizuri ni kazi ngumu. Kutohifadhi ni rahisi, na mwenye mashine ndiye anayepaswa kuanza, kwa sababu mteja haioni hiyo folda. Nyaraka ya mtu ni amana hata kama ameilipia shilingi mia tano.

Sasa ya kufanya, haraka haraka. Mwenye steshenari: futa mafaili ya kila mteja kabla hajaondoka, yeye akiangalia, na umwage Recycle Bin. Jioni, au angalau kila wiki, fungua dirisha la amri la Windows uandike cipher /w:C:\ ili nafasi zilizo huru ziandikwe upya. Inachukua muda mrefu, iache usiku. Toka kwenye akaunti za wateja, na usiruhusu kivinjari kitunze nywila zao. Washa BitLocker, ile inayohifadhi data za diski kwa fumbo, kama Windows yako inayo.

Ukiuza kompyuta ya Windows 10 au 11, tumia Reset this PC, chagua kuondoa kila kitu, na uwashe kipengele cha kusafisha data. Diski ya pembeni au flashi, ondoa ile tiki ya fomati ya haraka. Fomati kamili tangu Windows Vista inaandika sifuri diski nzima. Flashi zinabakiza vipande hata hapo, kwa hiyo iliyobeba vitu nyeti usiiuze. Kwenye SSD, yaani diski isiyozunguka, kilichofutwa mara nyingi hakirudi, ila usitegemee hilo. Tumia chombo cha kufutia cha mtengenezaji wake.

Simu: zilizotoka na Android 10 au zaidi, na iPhone zote za siku hizi, zinahifadhi data kwa fumbo, na ukizirudisha kwenye hali ya kiwandani (factory reset) ufunguo wa fumbo hilo unateketea. Hapo umefuta kweli. Ondoa akaunti yako ya Google kwanza, la sivyo mnunuzi atafungiwa nje. Toa memori kadi, usiiuze na simu. Mashine ya fotokopi: muulize fundi kama ina diski, na kabla ya kuuza diski hiyo ifutwe au ing'olewe.

Mteja: piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Namba ya tapeli itume 15040. Dukani, simama hapo mpaka faili lako lifutwe, bila kuona aibu. Mwambie dada wa steshenari, "Dada, naomba unifutie na hilo." Ni haki yako.

Na kama yote haya yanakushinda, itoe diski kabla ya kuiuza kompyuta. Ni skrubu chache tu. Mnunuzi atatia diski nyingine, na hiyo yako itobolewe kwa drili, ipite kwenye sahani za ndani hadi upande wa pili.