Mashetani wa George Lilanga

Mashetani wa George Lilanga ni viumbe wa kubuni waliochorwa, kuchongwa na kuchapwa na George Lilanga (1934 – 2005), msanii Mmakonde wa Tanzania. Wana masikio makubwa, midomo iliyo wazi, matumbo yaliyotuna na vidole vichache, mara nyingi viwili au vitatu tu.

Neno "shetani" huwapotosha watazamaji wengi. Wanaosoma Biblia au Kurani humfikiria Ibilisi, adui wa Mungu. Lakini katika Kiswahili cha kila siku neno hilo hutumika pia kwa pepo wa aina nyingi, wabaya na wasio wabaya. Ndiyo maana watu wa Handeni au Korogwe husema kwamba mgonjwa "amepandisha mashetani" bila kumaanisha kwamba amemwasi Mungu. Mashetani wa Lilanga wako karibu zaidi na maana hiyo ya pili, tena wanachekesha kuliko kutisha. Wanabeba watoto, wanapiga ngoma, wanakunywa pombe, wanasengenyana. Ni maisha ya binadamu yaliyovishwa sura nyingine.

Mtindo huo haukuanza na Lilanga. Ulitokana na uchongaji wa mpingo wa Wamakonde, ambao wengi wao walitoka Msumbiji kutafuta kazi Tanganyika, hasa katika mashamba ya mkonge, yakiwemo ya Tanga na Korogwe. Mchongaji Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kwa kawaida kuwa wa kwanza kuchonga shetani, mwishoni mwa miaka ya 1950.

Lilanga alizaliwa Kikwetu, kusini mwa Tanzania, akajifunza kuchonga tangu ujana. Alipohamia Dar es Salaam alipata kazi ya ulinzi katika Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Mlinzi huyo akaonyesha kazi zake, na haukupita muda mrefu akawa msanii wa hapohapo. Alichora kwenye ngozi za mbuzi, akatengeneza batiki, akajifunza pia kuchapa picha kwa bamba la metali.

Katika uchapaji huo bamba hupakwa nta, kisha msanii huchora juu yake kwa sindano mpaka metali ionekane. Bamba likitiwa katika asidi, sehemu zilizokwaruzwa huliwa na kuwa mifereji midogo. Wino hujazwa humo, uso wa bamba hufutwa, na karatasi yenye unyevu hukandamizwa juu yake kwa mashine. Picha hutoka imegeuzwa, kushoto kuwa kulia. Bamba moja hutoa nakala nyingi, kwa hiyo bei ya kila nakala huweza kuwa nafuu kuliko ya sanamu.

Njia hiyohiyo ilitumiwa Venisi katika karne ya 18 na Giovanni Battista Tiepolo (1696 – 1770). Mfululizo wake uitwao *Scherzi di Fantasia*, wenye picha 23, unaonyesha wazee wenye vilemba, nyoka, mafuvu na bundi, ndege ambaye Afrika Mashariki nako huogopwa. Wataalamu bado wanabishana juu ya maana ya picha hizo, kwa kuwa hazisimulii hadithi yoyote inayojulikana. Kwa Lilanga ugumu huo ni mdogo: kazi zake nyingi zina majina marefu ya Kiswahili yanayoeleza jambo linalotendeka.

Kazi zake zilionyeshwa Washington mwaka 1978, na baadaye katika maonyesho ya *Africa Remix* yaliyozunguka Ulaya, Japani na Afrika Kusini kuanzia mwaka 2004. Umaarufu ulileta shida yake. Alipougua kisukari na kukatwa miguu aliendelea kufanya kazi akizungukwa na wasaidizi waliojaza rangi, na waigaji nao wakaongezeka mitaani. Mjukuu wake, Hendrick Lilanga, anachora kwa mtindo huo kwa jina lake mwenyewe. Kwa picha nyingine sokoni, sahihi ya "Lilanga" peke yake haitoshi kuthibitisha ni mkono wa nani.